Gari Lizimikalo Njiani: Namna ya Kutafuta Ubovu wa Mafuta

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na katibu wa kikundi awe na karatasi na kalamu, maana mwishoni nitatoa maswali ya kuzungumza. Nanyi mnaosikiliza peke yenu, nyumbani au gereji, karibuni vile vile.

Leo twaingia katika jambo linalowasumbua wengi wenye magari ya zamani. Ni habari ya gari ambalo huenda vizuri, kisha huzimika njiani, kisha huwaka tena kana kwamba halikuwa na ubovu wo wote. Ubovu wa namna hii humchosha mtu na kummalizia fedha, kwa sababu haukai mahali ukaonekana. Likiwa kwa fundi, gari ni zima. Likiondoka kwa fundi, laharibika.

Ili tusizungumze hewani, nitawasimulia habari za gari moja la Dakawa.

Gari la Mama Mkulima

Dakawa iko kando ya mto Wami, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Ukitoka Morogoro milima ya Uluguru waiacha mgongoni, nawe waingia nchi tambarare ya mpunga. Huko alikuwako mama mmoja mkulima, mjane, mwenye Land Rover iliyoachwa na marehemu mumewe. Ilikuwa ya aina ya Series III, ile iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya silinda 4. Gari hilo lilikuwa mkono wake wa kuume. Lilipeleka mbegu na mbolea shambani, likaleta magunia barabarani, na jirani akipatwa na shida usiku, ndilo lililokimbilia hospitali Morogoro.

Basi gari likaanza ugonjwa. Mjini, Msamvu na Kihonda, lilikwenda bila kukohoa. Lakini likishika barabara kuu na kukaza mwendo, baada ya muda lilipungukiwa nguvu, likarukaruka, likakohoa mara mbili tatu, likazimika. Dereva alishuka, akafungua boneti, akatazama huku na huku. Baada ya kitambo kidogo akapiga stata, likawaka! Wakaendelea na safari. Na baada ya kilomita kadha, yakawa yale yale.

Mafundi watatu walilitazama. Wa kwanza alisema ni plagi na koili, zikanunuliwa. Wa pili akasema ni pampu, ikanunuliwa. Wa tatu akasema kabureta imechoka. Ikapatikana nyingine, nayo ilikuwa imekwisha kutumika kwingine. Kila mara gari lilijaribiwa kwa kuzungushwa mjini, likaonekana limepona, fedha ikalipwa. Mama yule aliniambia kwamba magunia 11 ya mpunga yalikuwa yameingia katika gari lile, "na bado halijashiba."

Kisha ukaja usiku ambao mtoto wa jirani alipandwa na homa kali, akashikwa na degedege. Mama akamwambia dereva, "Leo lisije likatuangusha. Jaza tangi mpaka juu." Wakamimina madumu yote ya petroli yaliyokuwako. Gari lilizimika kabla ya nusu ya njia, mapema kuliko siku zote. Kwa bahati lilipita lori la mizigo, likawachukua, na mtoto akafika hospitali, akapona. Lakini mama aliporudi aliazimia kuliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi nikamwomba, "Mama, nipe siku mbili tu. Nisipouona ubovu, liuze."

Akanijibu, "Siku nakupa, fundi. Gunia la kumi na mbili sikupi."

Ndugu msikilizaji, shika neno moja katika kisa hiki: walipojaza tangi, gari lilizimika mapema zaidi. Katibu, liandike. Tutalirudia.

Njia ya Petroli

Kabla ya kutafuta ubovu, sharti tuijue njia. Katika gari la namna hii petroli hutoka tangini, hupita katika bomba mpaka kwenye pampu iliyo ubavuni mwa injini. Magari mengi ya aina hiyo yana kikombe cha kioo hapo kwenye pampu, cha kukamata maji na takataka. Kutoka pampu petroli hupanda mpaka kabureta, ambako huchanganyika na hewa na kuingia katika silinda. Huko plagi huiwasha.

Ndani ya pampu mna kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Kila injini inapozunguka mara mbili, mkono wa pampu hukivuta kiwambo mara moja, na petroli huingia. Kisha springi hukirudisha kiwambo, na petroli husukumwa kwenda kabureta. Kabureta ikishiba, sindano yake hufunga mlango, na pampu hungoja. Basi.

Kwa hiyo mafuta yakikosekana katika injini, yamezuiwa mahali fulani katika njia hii. Kazi ya fundi ni kuuliza: yamefika wapi, na yameishia wapi? Si kazi yake kununua vyombo vipya kimoja kimoja mpaka bahati imwangukie.

Maswali Kabla ya Spana

Nilipofika kwa yule mama sikufungua boneti. Nilikaa na dereva chini ya mwembe, nikamwuliza maswali manne.

Swali la kwanza: gari huzimika ghafula au pole pole? Ubovu wa umeme mara nyingi huzima injini kama mtu anayepuliza taa. Ubovu wa mafuta mara nyingi huizima kama kibatari kilichoishiwa mafuta: hufifia, huruka, huinuka kidogo, kisha hufa. Dereva akasema, "Hufa pole pole."

Swali la pili: huzimika kwa mwendo gani? Akasema, "Katika barabara kuu tu, nikikaza mwendo." Hapo nilijua kwamba njia ya mafuta haikuzibwa kabisa. Mjini injini hunywa kidogo, na hicho kidogo chapatikana. Barabarani yataka kingi, na kingi hakiji.

Swali la tatu: huzimika wakati gani? Juani au hata usiku? Tangi likijaa au likikaribia kwisha? Akasema wakati wo wote. Lakini alipofikiri tena, akakumbuka kwamba likiwa na mafuta machache huenda mbali zaidi. Akacheka, kwa kuwa aliona ni jambo la kinyume.

Swali la nne ndilo kubwa: likisha kuzimika, mwafanya nini mpaka liwake?

"Hatufanyi kitu, fundi. Twalipumzisha tu."

Nikamwambia, "Kijana, nieleze kila kitu, hata kile unachoona si kitu."

Akaeleza. Hufungua boneti. Hunywa maji. Hufungua mfuniko wa tangi na kutia kijiti kupima kama mafuta yamo, kwa kuwa geji imekufa zamani. Hufunga, huingia ndani, hupiga stata.

Haya, wasikilizaji, yaandikeni majibu hayo manne. Ubovu umekwisha kujitaja, lakini bado hatujauthibitisha.

Kuwapima Watuhumiwa

Ubovu kama huu una watuhumiwa wengi, na kila mmoja ana alama yake.

Wa kwanza ni petroli mbaya. Nchini kwetu neno hili ni jepesi mdomoni, na lina sababu. Kabla ya mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa, mafuta hayo yalikuwa rahisi sana kuliko petroli, na wadanganyifu waliyachanganya. Basi nilimimina petroli kidogo katika chupa nyeupe, nikaiacha itulie. Kama ingekuwa na maji, yangekaa chini na mstari ungeonekana. Hayakuwako. Nikadondosha tone juu ya karatasi safi. Petroli safi hukauka upesi, lakini mafuta ya taa huacha doa. Doa halikuonekana. Petroli ikaachiliwa.

Wa pili ni takataka. Kutu na tope la tangini huvutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba, huuziba, na injini ikizimika huanguka tena chini. Alama yake ni uchafu katika kikombe cha kioo, na tena gari husumbua zaidi mafuta yakiwa machache. Kikombe kilikuwa safi, na gari hili lilifanya kinyume.

Wa tatu ni bomba la mpira lililopasuka kati ya tangi na pampu. Bomba hilo laweza lisivujishe hata tone nje, lakini pampu ikivuta, huvuta hewa badala ya mafuta. Alama yake ni mapovu katika kikombe cha kioo injini inapokwenda. Nilitazama, mapovu hayakuwako.

Wa nne ni joto. Petroli ikipata joto jingi katika bomba au pampu hugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke vizuri. Dereva alikuwa amezoea kufunga kitambaa chenye maji juu ya pampu, na aliamini kwamba chasaidia. Ili kumpima mtuhumiwa huyu, tulipanga kuondoka Morogoro saa 12 asubuhi, kungali baridi. Kama kosa ni la jua, asubuhi gari lisingezimika.

Safari Tatu za Kujaribu

Asubuhi hiyo tulijaza tangi, tukapita Kihonda, tukashika barabara ya Dodoma kwa mwendo wa kukaza. Jua lilikuwa halijapanda. Baada ya kilomita 20 hivi gari likafifia, likarukaruka, likafa. Joto nalo likaachiliwa.

Dereva akashuka, na kwa mazoea akaelekea moja kwa moja kwenye mfuniko wa tangi. Nikamwita, "Kijana, usiuguse!"

Kwanza nilitazama umeme, kabla ya kufungua bomba lo lote la petroli. Nikatoa waya wa plagi moja, nikaushika kwa koleo lenye mpira karibu na chuma cha injini, dereva akapiga stata. Cheche ikaruka, yenye nguvu. Umeme ulikuwa mzima.

Kisha nikangoja injini ipoe kidogo, nikafungua bomba pale linapoingia katika kabureta, nikalielekeza ndani ya chupa. Pampu ya gari hili ina kijimkono cha kupampia. Nikapampu. Yalitoka matone machache, kisha basi. Kumbe kabureta haikuwa na kosa, haikuletewa chakula.

Sasa nikamwambia dereva, "Fungua mfuniko wa tangi, pole pole, wala usiguse kitu kingine."

Akafungua. Tukasikia: fyuuu.

"Ndiyo pumzi ya petroli hiyo, fundi," akasema. "Nimeizoea. Ni kwa ajili ya joto."

Nikamwuliza, "Pumzi hiyo yatoka, au yaingia?"

Hakujua. Mwaka mzima alikuwa akiisikia, na hakujiuliza.

Nikapampu tena kwa kijimkono kile kile. Petroli ikaruka chupani kwa nguvu. Hatukubadili cho chote ila mfuniko ulikuwa wazi.

Watu wengi wangefunga kazi hapo na kwenda kunywa chai. Sisi hatukufunga. Tulikaza mfuniko tena, tukaenda safari ya pili, na gari likafa tena. Safari hii, dereva alipoulegeza mfuniko, niliweka kipande cha karatasi nyembamba karibu na ukingo wake. Karatasi ilivutwa, ikabandika pale pale. Pumzi ilikuwa ikiingia tangini.

Safari ya tatu tulirudisha mfuniko bila kuukaza mpaka mwisho, tukaenda kwa mwendo ule ule. Gari lilipita pale lilipotarajiwa kufa, likapita zaidi, likaingia Dakawa bila kukohoa.

Maana Yake

Ndugu wasikilizaji, watu husema pampu huvuta petroli. Kwa hakika pampu hufanya nafasi tu. Hewa iliyo juu ya petroli ndani ya tangi ndiyo inayoisukuma. Mwenye duka auzaye mafuta ya kula kwa kipimo alijua neno hili bila kulisoma. Akitoboa debe tundu moja, mafuta hutoka kwa kwikwi, kisha hukataa. Akitoboa tundu la pili, hewa huingia, na mafuta hutiririka.

Tangi la gari nalo lataka tundu la pili. Katika magari mengi ya zamani tundu hilo la kupumulia limo katika mfuniko, dogo kama tundu la sindano. Mfuniko wa gari lile haukuwa na tundu. Tulipomwuliza mama, akakumbuka: ule wa asili ulipotea siku moja walipojaza petroli, naye akanunua mwingine sokoni, wenye kufuli, unaong'aa. "Niliununua ili wasiniibie petroli," akasema, akashika kichwa.

Sasa tazameni majibu manne ya dereva. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, nguvu zake za kusukuma huisha upesi, na gari huzimika mapema. Tangi likiwa nusu, hewa ni nyingi zaidi, na gari hufika mbali. Mjini injini hunywa taratibu, na hewa kidogo ipenyayo ukingoni mwa mfuniko hutosha, barabarani haitoshi. Na kila mara gari lilipokufa, kijiti cha kupimia mafuta kiliponya, kwa kuwa kukitia ndani ni lazima mfuniko ufunguliwe. Dawa ilikuwa mkononi mwa dereva, naye akadhani anapima tu.

Wala tusiwacheke wale mafundi watatu. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mkono. Kosa lao ni moja: hawakulipeleka gari mahali lilipougulia. Gari linalougua barabara kuu haliwezi kupimwa kwa kuzungushwa Msamvu.

Gharama yote ya kuliponya ilikuwa bei ya mfuniko mmoja wenye pumzi, unaofaa kwa gari hilo. Wako wanaotoboa mfuniko kwa msumari. Njiani, penye shida, kuulegeza kidogo hutosha kukufikisha. Lakini tundu la msumari huingiza vumbi na maji ya mvua, na petroli humwagika nje. Nanyi wenye magari ya siku hizi, yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, msitoboe kabisa. Tangi la magari hayo hupumua kwa bomba na valvu zake maalumu, na hizo ndizo za kutazamwa.

Hadhari

Petroli haina urafiki. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na gari lililofunguliwa mafuta. Jaribu cheche kwanza, ukiwa hujafungua bomba. Usipampu petroli juu ya injini yenye moto. Wala usinyonye petroli kwa mdomo, jambo ambalo madereva wengi hulifanya: ikiingia mapafuni yaweza kuua. Mtu akiimeza, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi.

Muhtasari

Kwanza, uliza kabla ya kufungua. Pili, fuata njia ya mafuta tangu tangini, ujue yamefika wapi. Tatu, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nne, na hili ndilo kubwa kupita yote: usiseme umeuona ubovu mpaka umeweza kuuondoa, ukaurudisha kwa makusudi, ukauondoa tena. Fundi awezaye kufanya hivyo hahitaji kubahatisha, na mwenye gari hatauza mpunga wake bure.

Maswali ya Kuzungumza Katika Kikundi

1. Je, mmepata kununua chombo kipya cha gari, cha baiskeli au cha mashine ya kukoboa, na ubovu ukabaki? Mlikosa kuuliza swali gani?

2. Kama gari lile lingezimika tangi likikaribia kwisha tu, mngemtuhumu nani kwanza? Kwa nini?

3. Chukueni debe au kopo lenye maji. Litobolewe tundu moja, kisha mawili. Elezaneni mnachokiona.

4. Ni mambo gani "yasiyo kitu" ambayo dereva au mwendesha mashine wenu hufanya kila siku, nayo yaweza kuwa dawa au sumu bila yeye kujua?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki. Mpaka hapo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.